Kupiga picha za jua kwa darubini ya milimita 80: shajara ya mradi, Dar es Salaam, 2024

14 Januari 2024: lengo na vifaa vya kuanzia

Lengo la mradi huu ni kupata picha ya duara zima la jua katika mwanga wa kawaida, yenye madoa yanayoonyesha kiini cheusi na ukingo wake wa kijivu, na ikiwezekana yenye zile punje ndogo zinazoufunika uso wote wa jua, kwa vifaa ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuvikusanya kidogo kidogo. Nilipokwenda Rujewa, wilayani Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kushuhudia jua likipatwa na kubaki pete, nilirudi na picha za simu ambazo hazikuonyesha chochote zaidi ya baka jeupe, na tangu siku hiyo nimekuwa na deni ambalo sasa ninaanza kulilipa.

Darubini ni ya lenzi, kipenyo chake ni milimita 80 na urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali taswira inapojikusanya, ni milimita 900. Niliinunua kwa mtu, ikiwa na stendi na kitako cha ikweta aina ya EQ2, cha kubeba darubini na kulifuata jua, kwa shilingi 380,000. Utando wa kuchujia mwanga ni AstroSolar wa Baader, karatasi moja inayokaribia ukubwa wa A4, ambayo shemeji yangu aliniletea kutoka Ujerumani. Bei na usafirishaji vilifika shilingi 95,000. Nimechagua daraja la 5.0, linalopitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Lipo pia daraja la 3.8, ambalo ni la kamera peke yake na huruhusu picha za muda mfupi zaidi, lakini nyumbani kwangu kuna watoto, na jicho la mtoto halisubiri maelezo.

Kichujio hukaa mbele ya lenzi kubwa, mahali ambapo mwanga haujakusanywa. Vichujio vidogo vya kufungwa kwenye kioo cha jicho, yaani lenzi ndogo ya kutazamia, ambavyo huuzwa pamoja na baadhi ya darubini za bei nafuu, hupokea joto lote lililokwisha kukusanywa na vinaweza kupasuka ghafla mtu akiwa ameinamia darubini. Changu nilikiponda kwa nyundo ili asije mtu akakiokota.

27 Januari 2024: kofia ya kichujio

Kofia imetengenezwa kwa pete tatu za boksi gumu, gundi na utepe mpana, kwa shilingi 12,000. Kazi hiyo ilichukua saa mbili, nami nikaifanya vibaya mara ya kwanza. Niliuvuta utando ukakaza kama ngozi ya ngoma, nikidhani kwamba mikunjo ndiyo itakayoharibu picha, na matokeo yake kila doa lilikuwa na kivuli chake pembeni. Utando huu haupaswi kuvutwa hata kidogo. Unalazwa tu juu ya pete na kubanwa, na mikunjo midogo inayobaki haidhuru chochote. Niliubandua, nikatumia nusu ya pili ya karatasi, na kivuli kikatoweka.

Kosa la pili lingeweza kuwa kubwa zaidi. Kofia ilishikiliwa na msuguano peke yake, na upepo wa kaskazi wa mwezi huu uliinyanyua nikiwa nimegeuka kuchukua simu. Bahati ilikuwa kwamba hakukuwa na mtu kwenye kioo cha jicho. Sasa kofia inaingia sentimita sita kwenye bomba na inafungwa kwa vipande vitatu vya utepe, na kabla ya kila kikao ninaishika dhidi ya mwanga wa balbu kuhakikisha kwamba haina tundu.

Kosa la tatu ni la darubini ndogo ya kulengea, ambayo niliisahau wazi. Ndani ya dakika chache nyuzi zake za msalaba zilikuwa zimeyeyuka, na mwanga uliotoka nyuma yake ulichoma alama kwenye mkono wa shati langu. Nimeing'oa kabisa. Jua hutafutwa kwa kuangalia kivuli cha bomba ardhini: kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote na cha mviringo, darubini imelielekea jua.

Picha za kwanza zilipigwa kwa simu iliyofungwa kwenye kioo cha jicho. Madoa yalionekana, ila kwa wiki mbili nilishindwa kuyalinganisha na picha za siku ileile za SDO, setilaiti ya NASA inayolipiga jua picha. Sababu ilikuwa kioo cha pembe kinachogeuza mwanga digrii 90, ambacho hubadilisha kulia kuwa kushoto kama kioo cha kujitazamia. Ukizungusha picha ya namna hiyo mchana kutwa haitalingana na nyingine yoyote. Ni lazima kwanza uigeuze.

17 Februari 2024: kutafuta kusini ya kweli

Kitako cha ikweta hufuata mwendo wa jua kwa kuzungusha mhimili mmoja, mradi mhimili huo uwe sambamba na mhimili wa dunia. Kwa Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 6.8 kusini mwa ikweta, maana yake ni mhimili unaoelekea kusini huku ukiwa umeinuka kwa digrii 7 tu, yaani karibu umelala. Vitabu vingi vya mwongozo vimeandikwa na watu wanaoishi digrii 40 au 50, nao hawana habari na shida zetu.

Shida ya kwanza ni kwamba kitako changu hakishuki chini ya digrii 20, kwa sababu boliti ya nyuma hugota. Nilijaribu kuinua mguu wa kaskazini wa stendi kwa matofali mpaka kitako kiiname kuelekea kusini, lakini ilipofungwa darubini, stendi nzima ikataka kupinduka. Fundi seremala wa mtaani alinichongea kabari ya mninga yenye mwinamo wa digrii 13, inayokaa kati ya stendi na kitako, kwa shilingi 35,000. Stendi inabaki wima, kitako pekee ndicho kinachoinama, na uzito wa kusawazishia haugongi tena miguu mradi jua liko upande wa mashariki.

Shida ya pili ilikuwa mwelekeo. Mchana hakuna nyota, na dira iliyo karibu na nondo za nyumba haiaminiki. Nikatundika timazi la mita mbili na kungoja saa sita kamili mchana, nikiamini kwamba wakati huo kivuli huelekea kaskazini au kusini moja kwa moja. Nilichora mstari, nikapanga kitako, na jua likatoroka kana kwamba sikupanga chochote. Kosa lilikuwa la saa. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya digrii 45, ilhali Dar es Salaam iko karibu digrii 39.3, tofauti hiyo peke yake ni dakika 23, na katikati ya Februari jua lenyewe huchelewa dakika nyingine 14 kwa sababu ya mzunguko wa dunia usio sawa. Utosi wa leo, yaani wakati jua lilipofika juu kabisa, ulikuwa saa sita na dakika 37. Kwa kuwa jua linapita karibu sana na utosi, dakika 37 hizo ziliupotosha mstari wangu kwa karibu digrii 60.

Hata kwa saa sahihi njia hii ni mbaya kwetu, kwa sababu kivuli cha utosini hugeuka zaidi ya digrii 2 na nusu kwa kila dakika moja. Njia iliyofaa ni ya asubuhi. Jua letu hupanda karibu wima, kwa hiyo mwelekeo wake hubadilika chini ya digrii 2 kwa saa nzima baada ya kuchomoza. Programu ya bure ya Stellarium ilinipa mwelekeo wa jua wa saa moja na nusu asubuhi, karibu digrii 101 kutoka kaskazini. Nikachora kivuli cha timazi kwa wakati huo, nikapima pembe kwa kipimapembe kikubwa cha ubaoni, na mstari wa kaskazini na kusini ukapatikana. Nimeupaka rangi juu ya zege la paa.

3 Machi 2024: mota inayokimbia kinyume

Nimefunga mota ya kuzungusha mhimili, shilingi 160,000. Nilipoiwasha jua lilitoka nje ya upeo kwa kasi kuliko lilivyokuwa likitoka bila mota. Mota hizi huja zikiwa zimewekwa kwa nusu ya kaskazini ya dunia. Kwetu kusini hugeuka upande usiofaa na kuzidisha mwendo mara mbili. Swichi ndogo yenye herufi N na S imefichwa ndani ya kisanduku cha betri. Ilinigharimu asubuhi nzima.

Leo pia ndiyo siku ambayo jua limepita juu ya utosi wetu. Saa sita na dakika 35 timazi halikuwa na kivuli cha kupimika. Ilikuwa burudani kuitazama, ila kwa picha haina faida: bomba linasimama wima, kamera inagonga mguu wa stendi, na joto la paa linapanda moja kwa moja mbele ya lenzi.

20 Aprili 2024: kamera

Masika yamesimamisha kazi kwa wiki sita, nami nikautumia muda huo kununua kamera. Ni ZWO ASI178MM iliyotumika, ya nyeusi na nyeupe, shilingi 610,000, na forodha shilingi 118,000 ambazo sikuwa nimezipangia. Pikseli zake zina upana wa mikromita 2.4. Kwa darubini ya milimita 900, kila pikseli inachukua sekunde 0.55 za tao la anga (sekunde moja ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii), wakati uwezo wa lenzi ya milimita 80 katika mwanga wa kijani ni sekunde 1.7 hivi, kwa maneno mengine, kamera inaichukua kila alama ndogo ambayo lenzi inaweza kuitenganisha, na kuongeza ukuzaji hakutaleta kitu kipya.

Kasoro yake ni eneo. Taswira ya jua nyuma ya darubini yangu ina kipenyo cha karibu milimita 8.4, na sensa, kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ina milimita 7.4 kwa 5. Duara zima haliingii, kwa hiyo picha kamili itabidi iunganishwe kwa vipande vinne. Niliwaza kununua lenzi ya kupunguza ukubwa, nikaacha, kwa kuwa ingepoteza punje ninazozitafuta.

11 Mei 2024: doa kubwa na haraka yangu

Wiki iliyopita Kimbunga Hidaya kilipita Mafia na kutuletea mvua juu ya mvua, na wakati huohuo upande wa jua unaotutazama ulikuwa umebeba kundi la madoa namba 13664, lenye upana wa takriban kilomita 200,000, ambalo lilionekana hata bila darubini kwa miwani ya kupatwa kwa jua. Jana usiku kundi hilo lilisababisha dhoruba ya sumaku ya daraja la G5, la juu kabisa katika kipimo chake, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Leo mawingu yamefunguka mara nne, kila mara kwa dakika chache, huku kundi likiwa tayari linakaribia ukingo wa magharibi.

Nilirekodi video 22 na zilizofaa ni tatu. Ninaziandika sababu kwa mpangilio wa uharibifu wake. Niliacha kamera ijipangie mwanga yenyewe, na kila kipande cha wingu kilipopita ikaongeza muda, kisha jua likarudi na kuunguza uso wote ukawa mweupe; mwanga ukishajaa kwenye pikseli hakuna programu inayoweza kuurejesha. Diski ya zamani ya kompyuta yangu haikuweza kuandika kwa kasi ya kamera, kwani kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ina megabaiti 6.4, hivyo fremu mbili kati ya tatu zilipotea. Na kioo cha kompyuta hakikusomeka juani, kwa hiyo fokasi niliipanga kwa kukisia.

Marekebisho yalifanyika wiki hiyohiyo. Muda wa mwanga unapangwa kwa mkono, na histogramu, mchoro unaoonyesha pikseli zimejaa mwanga kiasi gani, haipiti asilimia 70 katikati ya duara. Diski mpya isiyo na sehemu zinazozunguka, gigabaiti 240, imegharimu shilingi 75,000. Kompyuta inakaa ndani ya boksi lililopakwa rangi nyeusi ndani, nami ninaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi kama wapiga picha wa zamani wa studio. Vyote shilingi 9,000. Bibi wa jirani aliponiona nimejifunika hivyo karibu na stendi aliniuliza kwa wasiwasi, "Mwanangu, mnapima barabara?" Ilinibidi nimwonyeshe madoa kwa kioo cha jicho ndipo akaamini kwamba nyumba yake haibomolewi.

8 Juni 2024: paa au nyasi

Kundi la Mei limezunguka nyuma ya jua na kurudi likiwa na namba mpya, 13697, na sasa linaelekea tena ukingoni. Safari hii vifaa vilikuwa tayari, na bado picha zilichemka kama sura ya mtu inayoonekana juu ya moshi wa jiko la mkaa. Nilikuwa nimeilaumu lenzi, kisha fokasi, kisha kichujio. Leo niliamua kupima.

Nilirekodi fremu 1,000 juu ya paa la zege saa tano asubuhi, na asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimerekodi fremu 1,000 kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya nyumba ya jirani, saa tatu kasorobo. Programu ya AutoStakkert hupanga fremu kwa ubora na kuchora mchoro wake. Video ya paa ilikuwa na fremu chache tu ambazo ukingo wa kijivu wa doa ulionekana, zikiwa zimetawanyika kama bahati nasibu. Video ya nyasi ilionyesha mistari ya ukingo huo katika karibu robo ya fremu zote, ingawa jua lilikuwa chini zaidi angani na mwanga wake ulipita kwenye hewa nyingi zaidi.

Kwa hiyo tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa chini ya miguu yangu. Zege hunyonya joto tangu jua linapochomoza, na kufikia saa nne hewa iliyo juu yake inapanda kwa mawimbi mbele ya lenzi. Nyasi zenye umande hubaki baridi kwa muda mrefu zaidi. Tangu leo kazi inafanyika kwenye nyasi, kati ya saa mbili na dakika 45 na saa tatu na dakika 45, na mstari wangu mzuri wa rangi juu ya paa umebaki kumbukumbu. Kule kiwanjani nimepigilia vigingi viwili.

Nimeongeza kioo cha kijani namba 58, shilingi 45,000. Lenzi za bei nafuu haziziweki rangi zote kwenye fokasi moja, na kwa kubakiza kijani peke yake ukingo wa kila doa ulinyooka. Muda wa mwanga umepanda hadi milisekunde 3, ambao bado unatosha kugandisha mtikisiko wa hewa.

7 Julai 2024: vipande vinne na ushindi wa bandia

Sikukuu ya Sabasaba, anga safi, upepo wa kusi haujaamka. Dunia ilikuwa mbali kabisa na jua juzi tarehe 5, kwa hiyo duara ni dogo kidogo kuliko la Januari na linaacha nafasi nzuri ya vipande kupishana.

Hatua za kawaida ni hizi: fremu 1,000 kwa kila kipande kwa programu ya kurekodi ya SharpCap katika umbo la SER (faili la video), kurundika fremu bora kwa AutoStakkert, yaani kuzilaza moja juu ya nyingine na kuchukua wastani wake, kunoa kwa programu ya ImPPG, kuunganisha kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Vipande vyote vinne lazima vikamilike ndani ya dakika kumi, muda wa mwanga na geini (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga inaoupokea) zisiguswe kati ya kipande na kipande.

Matokeo ya leo yalinifurahisha mno. Uso wote wa jua ulijaa punje kali, kila moja na mpaka wake. Niliwaonyesha jamaa kadhaa. Jioni nilikaa na hesabu na furaha ikapungua. Sekunde moja ya tao katikati ya jua ni karibu kilomita 725. Punje za kweli zina upana wa kilomita 1,000 hadi 1,500, ambao uko palepale kwenye mpaka wa uwezo wa milimita 80. Nilipaswa kuona mparuzo hafifu wa mwanga na kivuli, na si mawe ya kokoto yaliyopangwa.

Namna ya kupima ni rahisi, na ninasikitika kwamba sikuianza mapema. Punje ya jua huishi dakika 8 hadi 10 hivi. Ukirekodi video mbili za sehemu moja kwa kupishana dakika moja, ukazisafisha kwa mipangilio ileile na kuziweka tabaka mbili katika GIMP, kisha ukawasha na kuzima tabaka la juu, punje za kweli zitabaki mahali pake na chenga za kamera, yaani vidoa vya nasibu vinavyotokana na kamera yenyewe, zitaruka. Nilikuwa na video ya pili ya kipande cha kaskazini-mashariki. Madoa yalibaki, na mabaka angavu ya ukingoni yakabaki. Punje zote ziliruka.

Katika miaka ya 1860 mhandisi James Nasmyth alitangaza kwamba uso wa jua umesukwa kwa vipande virefu vyembamba kama majani ya mti, na William Dawes, mtazamaji mwenye jicho kali, akampinga, akasisitiza kuwa ni punje zisizo na umbo maalumu. Nasmyth alikuwa na darubini kubwa kuliko yangu mara nyingi. Nilijifariji kwa hilo usiku mzima.

21 Julai 2024: kurekebisha unoaji

Chanzo cha punje za bandia ni mambo mawili yaliyosaidiana. Nilikuwa nimerundika fremu 60 tu kati ya 1,000, kwa tamaa ya zile kali peke yake, na rundo dogo huacha chenga nyingi. Kisha nikanoa kwa nguvu, sigma (upana wa ukungu ambao programu inauondoa) 2.5 na marudio 200 ya hesabu yake, na programu ikazichukua chenga hizo na kuzijenga umbo. Programu ya kunoa haijui jua linafananaje. Inakuza kila tofauti inayopewa.

Nimerundika fremu 250, na kwa kuwa chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, zimekuwa nusu ya zile za awali. Sigma imeshuka hadi 1.4 na marudio hadi 40. Picha imepoa. Ni laini kuliko ile ya Sabasaba na mtu asiyejua angechagua ile ya zamani. Pete nyeupe iliyokuwa ikizunguka ukingo wa jua imeondoka baada ya kuwasha chaguo la kuzuia pete lililomo ndani ya ImPPG. Jaribio la tabaka mbili bado halijafaulu: sehemu chache zinabaki, nyingi zinaruka. Hewa ya leo ilikuwa mbaya.

8 Agosti 2024: vumbi

Kwenye picha nne za Nanenane kuna doa dogo la mviringo ambalo halimo katika picha za SDO, nalo liko mahali palepale katika kila kipande. Doa linalofuata kamera badala ya kufuata jua ni vumbi. Yako mengine saba, hafifu zaidi, na pembe za kila kipande ni nyeusi kidogo, jambo linaloacha msalaba wa kijivu katikati ya mozaiki, yaani picha iliyounganishwa kwa vipande.

Dawa yake ni fremu za usawazishaji: picha ya kitu chenye mwanga sawa kila mahali, ambayo kila fremu ya jua hugawanywa kwayo. Kupata kitu hicho kulinichukua majaribio matatu. Kwanza nililenga katikati ya jua na kuharibu fokasi. Lakini jua lenyewe si sawa, hufifia kuelekea ukingoni, na tena nusu ya mshazari wa sensa yangu ni dakika 17 za tao wakati nusu ya kipenyo cha jua haifiki 16. Pembe za sensa zilikuwa nje ya jua kabisa. Baada ya kugawanya, kila kipande kikapata pembe zinazong'aa kama taa. Pili nilifunika kofia kwa mfuko mweupe wa mkate. Mwanga ukatawanyika vizuri, na kichujio kikaukata tena mara 100,000, hata muda wa milisekunde 3 ukawa wa sekunde nyingi na sensa ikajaa chenga za joto. Wapo wanaotoa kichujio na kuacha mfuko peke yake. Mimi sitafanya hivyo, kwa sababu mfuko ukichanika nimepoteza kamera, au kitu cha thamani zaidi.

Jaribio la tatu ndilo linaloendelea kutumika. Baada ya kikao cha asubuhi kamera haing'olewi wala fokasi haiguswi. Darubini inafunikwa na kuingizwa ndani. Jioni, jua likishazama, ninatoa kofia, naielekeza darubini juu kidogo upande wa mashariki, na kurekodi fremu 200 za anga tupu. Wastani wake umefuta vumbi lote na sehemu kubwa ya msalaba.

15 Septemba 2024: jaribio la tabaka mbili lafaulu

Nilifika kiwanjani saa mbili, nikaacha darubini nusu saa ipoe sawa na hewa. Fokasi ilipangwa juu ya ukingo wa kijivu wa doa la katikati, ikarudiwa kila baada ya dakika kumi kwa sababu bomba la chuma hurefuka likipata joto, jambo nililolidharau tangu Januari. Saa tatu na dakika 10 hewa ilitulia kwa muda usiozidi dakika nne. Nilipata video tatu za sehemu moja.

Mipangilio: milisekunde 3, histogramu asilimia 65, fremu 1,000, rundo la fremu 250, sigma 1.4, marudio 40, usawazishaji wa anga ya jioni. Nilipowasha na kuzima tabaka la juu katika GIMP, mparuzo wa katikati ya duara ulibaki. Si wote, ukingoni bado unaruka, na sehemu ndogo kabisa zinaruka kila mahali. Lakini nilihesabu vifundo 40 vya mwanga katika mraba mmoja wa tabaka la kwanza na kuvikuta 33 mahali palepale katika la pili, na 29 katika la tatu. Punje hizi hazionekani kama kokoto. Zinaonekana kama unga wa sembe uliomwagwa juu ya meza na kupulizwa kidogo.

19 Oktoba 2024: hali ya sasa

Gharama zote hadi leo ni shilingi 1,539,000, bila kompyuta niliyokuwa nayo. Kama ningeanza upya, ningenunua kioo cha kijani mwezi wa kwanza, na nisingepanda paani kabisa.

Jua limepita tena utosini wiki iliyopita, na sasa litakuwa kusini yetu mchana hadi mwanzoni mwa Machi. Vigingi vya kiwanjani vimeng'olewa na watoto wanaocheza mpira, kwa hiyo mwelekeo umepangwa upya kwa kivuli cha asubuhi, kazi ya dakika 20 sasa. Mozaiki ya leo ina makundi sita ya madoa na mshono mmoja unaoonekana upande wa kusini-magharibi, ambako kipande cha mwisho kilirekodiwa wakati utando mwembamba wa wingu ukipita. Nimeuacha mshono huo kama ulivyo. Kufifisha kwa brashi kungewezekana, ila kungefuta pia mabaka angavu mawili ambayo video zote mbili za kipande hicho zinayaonyesha.

Kazi inayofuata ni kurekodi kundi moja la madoa kila asubuhi kwa siku 13, tangu lichomoze upande wa mashariki wa jua hadi lizame upande wa magharibi. Mvua za vuli zikiniruhusu, nitaanza na kundi lililochomoza leo.